Mishono ya Mtaroni

Hivi wewe, ukisikia cherehani inashona chini ya sakafu yako, utamwita fundi gani?

Mama Pacha hakumwita yeyote. Alichukua jembe. Jioni ile mawingu yalikuwa yameshafunga, na mtaro wa nyuma ya nyumba, alioufukua asubuhi kwa mikono yake mwenyewe, ulikuwa umeziba tena. Maji yakijaa pale hayana pa kwenda ila kwenye msingi. Na ukuta wa chumba cha watoto ulishapata ufa wa kupitisha vidole.

Mumewe, fundi rangi, ufa ule alikuwa akiupaka kila ukionekana. Ukimsikiliza, utadhani nyumba husimamishwa na rangi.

"Huu ni mkono wa mtu," alisema, amejikunyata mlangoni. "Tumerogwa."

"Mrogwa mwenzangu, shika koleo basi."

Hakusogea.

Mama Pacha akapiga jembe. Bonge la udongo likatoka zima zima. Akalisogeza kwenye mwanga wa taa ya mlangoni.

Lilikuwa limeshonwa.

Uzi mweusi, mishono midogo, safi... Mishono ya Bi Pindo, mshonaji wa nyumba ya pili, aliyefukiwa na ukuta wake mvua zilizopita. Mtaa mzima ulisema ni mafuriko tu. Harufu ya mafuta ya cherehani ikapanda kutoka kwenye tope.

Tone moja. Jingine. Kisha mvua ikamwagika, na maji yakauelekea ukuta moja kwa moja, kama yametumwa.

Akakimbilia ndani kuwatoa watoto. Mlango wa chumba chao haukufunguka. Ukuta ulikuwa umeulalia.

"Mama," mmoja wa mapacha akaita kutoka ndani, taratibu, "nani anashona chini ya kitanda?"

Trrrr... trrrr...

Akageuka. Mumewe alikuwa amepiga magoti, sikio sakafuni.

"Anasemaje?" Mama Pacha akanong'ona.

"Anauliza ni nani."

"Nani kafanya nini?"

Trrrr. Ufa ukapanda hadi darini.

"Mjibu, baba watoto. Wanao wamo humo."

Cherehani ikanyamaza. Ikasubiri.

"Mimi," akaiambia sakafu. "Ni mimi niliyeuziba mtaro upande wako mvua zile, maji yageukie kwako yasije kwangu. Na ukuta ulipokuangukia nilikusikia, Bi Pindo. Ulikuwa unaniita mimi... nikaongeza sauti ya redio."