Nyayo za Chumba Namba Saba

Dada yangu si mwoga, na mimi si mwongo. Anatandika vitanda kwenye hoteli ile iliyokuwa jumba la mlowezi, katikati ya mashamba ya zabibu. Siku hiyo alitandika namba saba kama kawaida, akavuta shuka mpaka likanyooka, akafunga mlango. Saa sita mchana msimamizi akamwita.

"Hii nini?"

Juu ya shuka jeupe, nyayo mbili. Nyekundu, mbichi, zinanuka zabibu.

Akabadilisha shuka. Kesho yake tena. Keshokutwa tena, nyayo nne. Jamani, mtu afue mara ngapi? Na msimamizi naye, kazi yake kupayuka tu: "Doa moja tena, unakwenda kwenu." Kazi hiyo ndiyo inayotulisha, mimi na mama. Na ufunguo anao dada peke yake, sasa amsingizie nani?

Dobi, mtu mzima aliyezeekea pale, alimnong'oneza: "Hao ni wakanyaga zabibu wa mzungu, waliomkamulia mvinyo kwa miguu. Alikuwa akiwafungia chini ya jumba hili mpaka mapipa yajae. Kulala hawakulala. Wewe tandika, nyamaza. Usiwasemeshe."

Usiwasemeshe! Aambiwe dada yangu, ambaye hata redio anaijibu!

Siku ya tano alitandika, akainama kuokota mto. Alipoinuka, nyayo zilikuwa zinatokea. Moja. Nyingine. Mtu hakuna. Godoro likabonyea. Akasikia pumzi ikishushwa, kama ya mtu aliyetua mzigo.

Mwingine angekimbia. Yeye hasira zikampanda.

"Mnanitafutia nini? Kama shida yenu ni kitanda, njooni kwangu mkalale, mniachie kazi yangu!"

Godoro likainuka taratibu.

Tangu hapo namba saba ni safi. Msimamizi anamsifu, kazi ipo. Lakini mdomo uliponza kichwa, na huu wa dada umeponza nyumba nzima. Utamfukuzaje mgeni uliyemwita mwenyewe?

Sasa dada analala mkekani, chumbani kwa mama. Kitandani kwake wanalala wao. Kila asubuhi shuka nafua mimi, nasugua mpaka vidole vinachubuka, na nimechoka, nasema kweli nimechoka. Jana zilikuwa nyayo kumi na nne.

Leo nimeamka, shuka langu limelowa upande wa ukutani. Nyayo mbili, vidole vimeelekea kwangu. Kitanda kimoja hakiwatoshi.