Sumu ya Fisi, Kifo cha Tumbusi

Kila asubuhi Mama Pacha hukamua mbuzi wake huku akiwatania kwa majina. Huyu Mlafi, yule Bibi Harusi. Asubuhi ile hakutania. Bibi Harusi alikuwa nje ya zizi, nusu yake imeliwa.

"Fisi huyo," alisema mumewe, fundi baiskeli. "Amenizoea. Leo atanijua mimi ni nani."

Akaenda dukani, akarudi na sumu. Akaipaka kwenye mzoga.

Mlafi naye alikuwa ameng'atwa mguu. Mama Pacha akamwita daktari wa mifugo, mwanamke mcheshi, jirani yao. Alipomaliza kufunga kidonda, aliuona mzoga.

"Shemeji, umeupaka nini?"

"Dawa ya fisi."

"Na tumbusi watakaoula?"

"Yale madege yenye shingo kipara? Si yapo tele!"

"Lini mara ya mwisho uliona kundi kubwa?"

Fundi alikuna kichwa, akatazama angani.

"Tumbusi hushuka kundi zima," daktari alisema. "Mzoga mmoja wenye sumu unaweza kuwamaliza wote. Na jike hutaga yai moja tu kwa mwaka. Wakifa haraka kuliko wanavyozaliwa, wanapungua, wanapungua, mwisho hayupo hata mmoja. Hivyo ndivyo aina ya mnyama inavyotoweka. Haiagi mtu."

"Daktari, unanitisha tu."

"Zamani kulikuwa na ndege aitwaye dodo."

"Dodo? Si embe hilo!"

Watoto wao pacha, waliokuwa wakisikiliza kando, waliangua kicheko. Daktari pia alicheka.

"Huyu alikuwa ndege mnene, hawezi kuruka. Aliishi kisiwa kimoja tu duniani. Mabaharia walipofika wakamwinda, wakakata misitu yake. Nguruwe na panya waliokuja nao wakala mayai. Haikupita miaka mia, akaisha. Leo imebaki mifupa na michoro. Hakuna wa kumrudisha."

"Na mbuzi wangu nani atamrudisha?" Mama Pacha aliuliza kwa uchungu.

"Huyo ameshakwenda, dada. Pole sana. Tuwalinde waliobaki. Nionyeshe zizi."

Daktari alisukuma nguzo moja kwa mkono. Ikalala chini.

"Fisi hakuvunja hapa," alisema. "Alikaribishwa."

Fundi alichukua jembe. Walichimba shimo refu, wakaufukia mzoga, wakanawa kwa sabuni. Chupa ya sumu daktari aliondoka nayo.

Kisha kazi ikaanza. Walisimamisha nguzo nene, wakazifunga kwa mipira ya ndani ya baiskeli. Chini wakapanga mawe, nje wakazungusha matawi ya miiba. Mlango ukawa wa bati, unaofika ardhini. Fisi alirudi. Asubuhi walikuta nyayo zake zimezunguka zizi, kisha zimeelekea porini. Mbuzi wote walikuwa wazima.

Kiangazi, ng'ombe mzee wa jirani mwingine alikufa malishoni. Tumbusi walishuka kutoka angani, mmoja, wawili, kisha kundi. Kufikia jioni ilibaki mifupa mitupu. Hakuna harufu, hakuna mainzi, hakuna mbwa wa kuburuta nyama mitaani.

Fundi alisimama mbali akitazama, chai inampoa mkononi.

"Tuwasogelee?" aliuliza pacha mmoja.

"Hapana, mwanangu. Waache washibe. Wana watoto nyumbani."