Aliyekaa Kiti cha Nyuma

Boti ilikuwa imelalia upande. Nyuma, kushoto, ilizama kidogo kuliko kwingine, kama kitanda ambacho mtu mnene ameketi kwenye pembe moja. Na ndani hamkuwa na mtu. Fundi miwani, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuangalia kama kitu kimekaa sawa puani au kimekwenda mshazari, aliliona hilo hata kabla hajamaliza kusalimiana na muuzaji.

"Mbona imeinama?" aliuliza.

"Maji tu hayo," alisema muuzaji. "Maji yana mambo yake."

Pale gatini, ukingoni mwa ziwa, wote walimwita Kapteni, ingawa maishani mwake hakuwahi kuamuru chombo kingine zaidi ya hiyo boti ndogo ya starehe, na watani wake walisema hata hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwamuru yeye. Alikuwa mtu mrefu, amekonda mpaka shati lilimpwaya, na macho yake hayakutulia mahali pamoja.

Boti yenyewe ilipendeza. Nyeupe, ina mstari wa buluu ubavuni, turubai la kivuli, viti vyenye mito myekundu, na injini iliyowaka kwa mguso wa kwanza. Bei ilikuwa ya kutupa. Kapteni alinyoosha mkono wake wote kumpa fundi ufunguo, akiwa amesimama gatini, bila kuthubutu hata kuweka kidole cha mguu ndani.

"Ijaribuni kwanza," alisema. "Kaeni nayo hata wiki. Mkiipenda, tushikane mikono, basi, ni yenu."

Fundi aliingia. Alisogeza dumu la mafuta upande wa kulia, akaona boti inajiinua kidogo, halafu, polepole, ikarudi kule kule ilikoinama. Akagusa mto wa kiti cha nyuma. Jua la mchana lilikuwa likiwaka hivi kwamba mito mingine yote ilichoma kiganja, lakini ule ulikuwa umelowa na baridi yake ilimpanda mpaka kwenye kiwiko. Pakanuka kitu, mara moja tu, halafu upepo ukakichukua. Alijiambia ni ukungu wa sponji. Mtu akishapenda kitu, hakosi la kujiambia.

Na hakuwa akijinunulia yeye. Alimnunulia mama yake. Mama alikuwa mwalimu, mwenye sauti iliyosikika madarasa matatu bila kupaaza, na alizoea kusema akistaafu atanunua boti, atakaa nyuma kama malkia, na mwanafunzi wake yeyote aliyekuwa mkubwa serikalini atampisha njia. Alistaafu, kisha kiharusi kikamjia asubuhi moja akiwa anafunga kanga yake. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na sauti yote. Akili ilibaki. Ilionekana machoni, imefungiwa mle ndani, inagonga. Walijaribu kumpa kalamu. Herufi zilimkataa, akaitupa ukutani kwa hasira. Tangu hapo nyumba ile ilikuwa na ukimya ambao fundi alikwenda nao kila siku dukani kwake na kusaga lenzi akiwa amezima redio, kwa sababu sauti za watu zilimuuma.

Siku ya pili alimleta mama na mkewe. Mkewe alikuwa msusi, mwanamke wa maneno mengi na mikono myepesi. Walimbeba mama kutoka kwenye kiti cha magurudumu, wakamweka kiti cha nyuma, upande wa kushoto, kwa sababu ndipo penye mahali pa kuegemea. Fundi alikuwa ameukausha mto kwa taulo mara mbili. Mama alipokalishwa pale, boti haikuinama zaidi. Ilikaa vile vile, kama iliyokuwa imeshapimwa uzito wake.

Walielekea katikati ya ziwa. Upepo ulikuwa mzuri, msusi alikuwa akicheka, na fundi alikuwa ameshika usukani kifua mbele, pale sauti iliposema nyuma yake:

"Punguza mwendo, mwanangu. Maji yananirukia."

Fundi aliachia usukani. Boti ikazunguka yenyewe, na alipogeuka alimwona mama yake ameketi wima, midomo yake, ile iliyokuwa imepinda upande mmoja kwa miaka miwili, imenyooka sawasawa, inatabasamu.

"Mama?"

"Unashangaa nini? Hujaniona?"

Alilia kama mtoto. Alipiga magoti kwenye maji machafu ya sakafuni, akaweka kichwa chake mapajani pa mama, na mama akamwambia maneno matamu, moja baada ya jingine. Msusi naye alilia. Lakini aliacha kulia kabla ya mumewe, akaanza kunusa hewa, huku na huku, kama mtu anayehofia ameacha jiko linawaka.

Walipomtoa mama botini na kumkalisha gatini, mdomo ulipinda tena. Sauti ikakatika katikati ya neno.

Basi kuanzia hapo fundi hakuwa na kazi nyingine. Alifunga duka mapema, wateja wakaja wakakuta kufuli. Kila alasiri alimpeleka mama ziwani na kumsikiliza, na kila jioni alimrudisha nyumbani akiwa bubu. Madaktari aliwaeleza, walisema ubongo una siri, huenda mtikisiko wa maji unamsaidia. Hilo lilimtosha. Alichohitaji ni mtu mmoja mwenye koti jeupe aseme huenda.

Msusi ndiye aliyeona mengine. Mama alianza kukataa chakula. Kila walipokaribia gati alikuwa akishika fremu ya mlango wa gari kwa mkono wake mzima, wa kushoto, na fundi alikuwa akiubandua kidole kimoja kimoja, akicheka, akisema mama amekuwa na utani. Nywele zake zililowa zenyewe, chumbani, mchana kweupe, mkeka chini ya kitanda ukiwa mkavu.

"Mume wangu," alisema msusi jikoni, kwa sauti ya chini, huku akiwa amefungua bomba ili maji yafunike maneno. "Ile harufu. Umeisikia?"

"Harufu gani tena?"

"Nywele mbichi zinazoungua. Mimi naijua, nimeinusa maisha yangu yote saluni. Ipo botini. Na sasa ipo chumbani kwa mama."

"Wewe unanusa kazi yako kila mahali."

"Haya. Na hilo la kukuita mwanangu? Wewe una jina la babu yako, baba yake mzazi. Tangu nilipoolewa humu sijamsikia akikuita mwanangu hata siku moja. Anakuita baba. Hata akikugombeza, 'baba, una wazimu?' Yule kule anakuita mwanangu."

Fundi akafunga bomba kwa nguvu. "Ameugua. Mtu akiugua husahau."

Kesho yake alasiri, boti haijatoka hata mita ishirini gatini, sauti ilimwita kutoka nyuma:

"Baba. Baba yangu. Leo umechelewa."

Aliwaza: wamezungumza jikoni, bomba limefunguliwa, mlango umefungwa, mama yuko chumbani kwake mwisho wa ukumbi. Mama hakuweza kuyasikia yale. Akageuza uso kumtazama mkewe aliyebaki gatini, akamwona amejifunika mdomo kwa mtandio, maana naye alikuwa amesikia. Angeweza kurudi papo hapo. Lakini sauti ilikuwa sauti ile ile iliyomfundisha kusoma, yenye mkwaruzo ule ule kwenye herufi r, na ilikuwa ikimwita baba. Akaongeza mwendo.

Katikati ya ziwa alizima injini. Palikuwa kimya, jua la saa tisa likiwapiga ubavuni, na maji yalikuwa laini kama kioo ambacho hakijakatwa. Alikwenda nyuma, akaketi kando ya mama, akaushika mkono wake wa kushoto. Chini ya sakafu kitu kiligonga, taratibu, kama anayebisha hodi kwa ustaarabu.

"Usijali hiyo," sauti ilisema. "Baba, umeamua nini? Unanunua?"

"Nafikiri, mama."

"Unafikiri nini? Ukishikana mikono na yule mtu, tunakwenda nyumbani wote. Sitanyamaza tena. Nitaongea sebuleni, nitaongea jikoni, nitaongea nawe mpaka uchoke. Hutaki?"

"Nataka," alisema, na alikuwa akisema kweli tupu. Hakuna kitu duniani alichokitaka kama hicho.

Ndipo alipohisi kucha kiganjani. Alidhani ni mtetemeko wa ugonjwa. Lakini kucha ilivuta mstari mmoja wa mshazari, ikanyanyuka, ikavuta mwingine kuukata ule wa kwanza. Ikaanza upya. Mstari, mstari. Akatazama chini. Mkono wa mama ulikuwa ukimchora kiganjani alama ambayo mkono huo ulikuwa umeichora kwa kalamu nyekundu kwenye madaftari ya watoto kwa miaka yote ya kazi yake, alama isiyohitaji herufi wala sauti, alama ya kosa. Kosa. Kosa. Kosa. Ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka.

Akainua macho. Mdomo ulikuwa unatabasamu, unaendelea kusema maneno ya asali. Juu ya mdomo ule, macho ya mama yake yalikuwa yanabubujika machozi na kumtazama kwa hofu ambayo hajawahi kuiona kwa kiumbe yeyote, macho ya mtu aliyeshikwa ndani ya nyumba yake mwenyewe na mgeni anayefungua mlango na kuwakaribisha wageni kwa niaba yake.

"Sinunui," alisema fundi.

Mdomo ukaacha kutabasamu. "Umesemaje?"

"Nimesema sinunui!"

Harufu ya nywele zinazoungua ikapanda kutoka chini ya mito yote kwa pamoja, nzito, ya kukaba, na boti ikainama kushoto mpaka maji yakachungulia ukingoni, na fundi akamkumbatia mama yake kiunoni akamvuta kutoka kwenye kile kiti, lakini mama, ambaye alikuwa mwepesi kama kanga iliyoanikwa, sasa alikuwa mzito kama watu wawili, na mdomo wake sikioni mwa fundi ukilia, ukicheka, ukimwomba kwa sauti ya mama alipokuwa kijana, kisha kwa sauti ya mama siku alipomzika mumewe, kisha kwa sauti ya mtoto mchanga, na yeye anavuta, anavuta na huku analia, mpaka mto ukatoa mlio kama kidonda kinachobanduliwa kitambaa, na wote wawili wakaanguka mbele, chini ya usukani. Boti ikajiinua, ile pembe ya nyuma tu ikabaki imezama kama mwanzo. Mama alikuwa anahema juu yake. Mdomo wake ulikuwa umepinda. Hakuna jambo zuri zaidi alilowahi kuliona kuliko ule mdomo uliopinda.

Aliendesha mpaka gatini bila kugeuka nyuma. Msusi aliruka majini, yakamfika magotini, wakamtoa mama pamoja. Kapteni alikuwa amesimama pale, mkono wake wa kulia umeshanyooshwa, tayari kwa kushikwa.

Fundi aliweka ufunguo juu ya mbao za gati, mbali na ule mkono.

"Tumeshindwana wapi?" Kapteni aliuliza. "Nitapunguza. Chukueni bure. Bure kabisa, mradi mkubali."

"Uliijua," alisema msusi. "Ulijua kuna nini mle, ukamwacha mama yetu akae."

Kapteni alikaa chini kwenye mbao. "Mke wangu alikuwa hajitambui," alisema. "Nilimleta humu kupunga upepo, akaanza kunichekesha kama siku za uchumba. Nikanunua siku hiyo hiyo. Kilichomo kikaja naye nyumbani. Aliongea usiku na mchana, mwezi mzima, hali, halali, na yule aliyekuwa anaongea hakuwa yeye. Alikufa katikati ya sentensi. Sentensi yenyewe ikamaliziwa huku botini." Akawatazama. "Nimeichoma moto, haishiki. Nimeizamisha, asubuhi naikuta imefungwa hapa. Inataka kukubaliwa na mtu. Mtu mmoja tu akubali, mimi nipate kulala."

Msusi alimwonea huruma, lakini huruma hiyo haikumfanya asimame. Walimsukuma mama mpaka kwenye gari, wakamweka kiti cha mbele, wakamfunga mkanda. Fundi akaketi nyuma ya usukani, na kabla hajawasha, kupitia dirisha lililokuwa wazi, kutoka kule gatini ambako hakukuwa na mtu zaidi ya Kapteni aliyejiziba uso, wakaisikia.

"Baba! Baba, unaniacha? Baridi huku, baba. Nimekukosea nini?"

Ilikuwa sauti ya mama, mkwaruzo ule ule. Na yeye mwenyewe alikuwa ameketi pale kando, kimya, anaisikiliza sauti yake ikimwita mwanawe. Mkono wa fundi ulikwenda kwenye kitasa cha mlango. Haukumuuliza.

Mama akamwahi. Alimshika kichwa kwa mkono wake mmoja mzima, akamvuta kwake kwa nguvu za mwalimu anayemtoa mtoto barabarani, akamlaza sikio moja juu ya kifua chake na kuliziba lile jingine kwa kiganja. Msusi akaingiza mkono kutoka kiti cha nyuma, akapandisha kioo. Kule nje sauti iliendelea kuita. Fundi hakusikia tena inasema nini. Alisikia moyo wa mama yake tu, unakwenda mbio, na mama akakaza kiganja.