Machozi ya Mzabibu

Walikutana kwenye duka la kutoa kopi, karibu na soko la Majengo, siku ambayo umeme ulirudi mchana na kila mtu akataka kuhudumiwa kwanza. Bupe, mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mwenyeji wa Tukuyu, alikuwa na mwaka mmoja tu Dodoma. Alivaa gauni la kitenge cha bluu, mkononi ana bahasha. Sila, mkulima wa zabibu wa Hombolo, alikuja na fomu za ushirika wao. Katika kusukumana pale, wakabadilishana bahasha bila kujua.

Jioni simu ya Bupe ikaita.

"Mwalimu, mtihani wako ninao mimi. Namba nimeiona kwenye bahasha."

"Jamani, nimeutafuta mchana kutwa."

"Nimejaribu kuufanya. Swali la tatu limenishinda. Eti taswira na toni hulipaje shairi nguvu ya kugusa moyo. Taswira ndiyo nini?"

Bupe akacheka. "Ni picha inayokujia ukisoma. Toni ni namna mshairi anavyolisema jambo: kwa huzuni, kwa hasira, kwa furaha. Picha ni ileile, lakini ukigeuza toni, aliyekuwa analia atacheka."

"Basi kesho nakuletea mtihani wako, nawe unimalizie somo."

Somo lilichukua miezi minane. Kila Jumamosi Sila alikuja mjini na ndoo ya zabibu, shati limenyooshwa pasi mpaka mikunjo inakata. Yeye alimwita Bupe "mwalimu wangu." Akichelewa, Bupe alimwita "mwanafunzi mtoro."

Mei ikaingia na kazi za shamba. Jumamosi tatu Sila hakutokea, na simu zake zikawa fupifupi. Jumatano ya wiki ya nne, Bupe akiwa ofisi ya walimu, ujumbe ukaingia:

*Matawi yameanguka, jani sikulibakiza,*
*Machozi yanadondoka, na shina limenyamaza,*
*Mkasi nimeuweka, kazi nimeimaliza,*
*Siku yetu imefika, nawe utanisikiza.*

Alilisoma mara tatu, kama anavyowafundisha wanafunzi wake. Akatafuta taswira, akaona matawi yaliyokatwa, machozi, kimya. Akatafuta toni, akasikia mtu anayeaga. Kwao Tukuyu kijani hakikauki, na mti usio na jani umekufa. Sila alipopiga, akazima simu.

Siku mbili chakula hakikupita. Ijumaa akajaza fomu ya kuomba uhamisho arudi Mbeya. Kabla ya kuipeleka, akaona hawezi kuondoka bila kuambiwa usoni. Asubuhi iliyofuata akaenda Hombolo.

Alimkuta Sila shambani, amevaa mabuti na shati lililopauka. Mizabibu ilikuwa mitupu, safu kwa safu.

"Bupe, nimepiga mpaka nimechoka. Unaumwa?"

"Umeniandikia tuachane, halafu unaniuliza kama naumwa?"

"Nani kaandika tuachane?"

Bupe akatoa simu, akamsomea, sauti ikimkatika. "Machozi. Kazi umeimaliza. Ulitaka nielewe nini, Sila?"

Sila akamshika mkono, akauweka kwenye ncha ya tawi lililokatwa. Tone la maji likamlowesha kidole.

"Tunaikata ili ichipue upya, na haya ndiyo tunayaita machozi. Mzabibu ukikatwa ukatoa maji haya, tunajua mizizi iko hai na utazaa. Usiotoa ndio tunaung'oa. Siku ya kumaliza kukata ni siku ya furaha kwetu."

"Mimi ningejuaje? Nimesoma huzuni tupu."

"Basi nisikilize."

Akalisema shairi kwa kichwa, taratibu, akitabasamu. Maneno yalikuwa yaleyale, lakini sasa Bupe aliyaona machipukizi kabla hayajatoka. Kwenye "siku yetu imefika," sauti ya Sila ikatetemeka, na haikuwa kwa majonzi.

"Na hilo neno la mimi kusikiliza ni lipi?"

"Nilitaka kulisema kwa mdomo. Nataka kutuma washenga Tukuyu kwa wazee wako, kama utakubali."

"Kwa nini hukusema hivyo tu?"

"Nilitaka mwalimu wangu afurahi."

"Umenikondesha, Sila." Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Akaitoa ile fomu kwenye mkoba, akaichana vipande viwili, vinne. "Watume. Ila mama yangu nitamwambia mwenyewe kwa simu, leo hii."

Nyumbani, mama yake Sila, Loisi, alikuwa anasonga ugali wa uwele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu? Amekuudhi huyu?"

"Hapana mama. Tulikuwa hatujaelewana."

"Na sasa?"

"Tumeelewana."

Loisi akamtazama mwanawe, akamtazama Bupe, akasogeza sahani ya mlenda katikati ya mkeka. Bupe akanawa mikono, akaketi, akala mpaka akaomba aongezewe.