Nyumba Tuliyokatazwa Kuichoma

Asubuhi mama yangu alikuwa akisaga kokwa za mti wa mwaloni kwenye jiwe, za kutia kwenye mchuzi wa nyama. Mume wangu alikuwa mbali, akijenga reli. Wanangu wawili, Edith na mdogo wake, walikuwa bado wamelala. Edith akakohoa.

“Unasikia?” mama aliniuliza. “Yule aliyetutoka alianza hivyo hivyo.”

Alimaanisha baba yangu. Baba alifia ndani ya nyumba ile ile ya mbao tuliyokuwa tukiishi, wakati wa theluji. Kwetu sisi Waapache, wenyeji wa asili wa Marekani, mtu akifa tunachoma makao yake na vitu vyake, kisha tunahama. Lakini nyumba ilikuwa ya serikali. Msimamizi wa Kizungu wa eneo tulilotengewa alitufokea: “Atakayewasha kiberiti atalala jela! Acheni ushenzi!”

Tukatii. Tukafunga madirisha kwa baridi, tukalala wote chumba kimoja. Utii ule ulituponza.

Nilimwita jirani yetu Viola, Mwapache mwenzetu aliyesomea uuguzi. Akamsikiliza Edith kifuani.

“Ni kifua kikuu,” alisema. “Dawa yake bado haijapatikana. Mgonjwa akikohoa, vijidudu huruka hewani. Chumba kikifungwa, wengine wanavivuta. Mtoeni nje. Mjengeeni kibanda cha matawi, apate upepo na jua. Alale peke yake. Makohozi ateme kwenye karatasi, mkayachome. Ale vizuri, apumzike.”

Mama akaacha kusaga. “Shule miaka yote hiyo, mwanangu, kujifunza kuhama nyumba ya kifo? Bibi yako angekufundisha bure!”

Viola akacheka, lakini si kwa furaha. “Bibi alikimbia mzimu wa marehemu, mama. Mimi nakimbia vijidudu. Yote mawili yanasema tokeni humu.”

Siku ile ile tulijenga vibanda viwili, kimoja cha Edith, kingine chetu. Msimu wa kokwa ulipofika tena, Edith alikuwa amenenepa. Aliokota kokwa na bibi yake, na kikohozi kilikuwa kimekwisha.

Kwa mdogo wake tulichelewa. Alikuwa ameshaivuta hewa ya chumba kile. Jina lake silitaji. Kwetu marehemu haitwi kwa jina.

Nyumba ya mbao bado imesimama, mlangoni ina kufuli la serikali. Kibanda alichofia mwanangu tulikichoma, na hatukumwomba mtu ruhusa.