Usiku wa Kuamkia Jumamosi

Kila alipotoka shule, Pilipili alikuwa na kazi yake inayomngoja: kufagia nyuzi na vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake. Mama alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na sebule yao ndiyo iliyokuwa karakana. Ukikaa bila kutazama, pini inakukaribisha. Jina la Pilipili nalo hakulipata bure. Mtoto huyu alikuwa mwepesi wa kuwaka, na ukimwuliza kwa nini anaitwa hivyo, anawaka tena.

Wiki ile aliona ana haki ya kuwaka. Nyumba nzima haikuwa na habari nyingine ila safari. Mama na Dada, binti yake mkubwa aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, walikuwa wanakwenda ng'ambo kumwona mama mdogo. Mama mdogo alikuwa afanyiwe upasuaji wa moyo siku ya Jumatatu, na Mama alikuwa ameapa kwamba ndugu yake wa pekee hataingia chumba cha upasuaji kabla hajamshika mkono. Tangu waagane, miaka na miaka, walikuwa wakionana kwenye simu tu.

Lakini ng'ambo si sokoni, huendi kwa miguu. Safari ile ilipangwa kwa kubana, mpaka pa kubana pakaisha. Jioni baada ya jioni Dada alipekua bei za tiketi kwenye simu, hadi akapata ndege ya bei nafuu kuliko zote. Unafuu huo ulikuwa na masharti yake: kila abiria begi moja dogo, chakula ujibebee, na ukichelewa, pesa yako imekwenda na maji. Kulala, watalala sebuleni kwa mama mdogo. Teksi ya kuwapeleka uwanja wa ndege hawakuitaka hata kuisikia, kwa sababu dereva wa gari la mikate aliahidi kuwapeleka bure. Na ziara ya shule ya Pilipili, aliyokuwa akiingoja tangu mwaka uliopita, nayo ikabanwa.

"Mwaka huu haitawezekana, mwanangu," Mama alimwambia. "Vumilia."

Pilipili hakuvumilia, alivimba. Wenzake wapande basi wakaone bwawa la umeme, yeye abaki na nyuzi! "Mimi ndiye wa kubaniwa kila siku," alinung'unika. "Dada atapanda ndege, mimi nitapanda nini? Ufagio?"

Siku ya Jumanne, uso wa Pilipili ukiwa bado umekunjamana, simu ya Mama ikalia mlio wa ujumbe. Dada alikuwa kazini. Ujumbe ulitoka shirika la ndege, nao ulikuwa kwa lugha ya kigeni ambayo Mama aliijua kwa kuisikia tu.

"Hebu nisomee, msomi wangu," Mama akasema, mguu ukiwa bado kwenye cherehani.

Pilipili aliipokea simu kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa kitambaa kichafu. Akapitisha macho. Ndege iliyokuwa iondoke Jumamosi saa nne asubuhi imebadilishwa. Sasa ilikuwa Jumamosi, 01:00.

"Imesogezwa. Jumamosi, saa saba usiku," akasema, akairudisha.

Bibi, aliyemzaa Mama na mama mdogo, alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, akichomoa pini kwenye sare zilizokwisha. Miguu yake haikuruhusu safari tena, lakini masikio yalikuwa mazima.

"Usiku wa Jumamosi," Bibi akauliza, "au usiku wa kuamkia Jumamosi?"

Jamani, swali lilikuwa hilo! Lilihitaji mtu atulie, aisome simu mara ya pili. Lakini mwenye hasira hatulii.

"Ni huohuo, Bibi! Jumamosi ni Jumamosi!"

"Jibu nimelisikia," Bibi akasema. "Adabu ndiyo sijaiona."

Dada aliporudi jioni, unga umemfika mpaka kwenye nyusi, alipewa habari. "Umesoma vizuri?" akamwuliza mdogo wake.

"Kwani mimi sijui kusoma?"

Dada alikuwa amechoka, hakufungua ujumbe. Alisema afadhali, wameongezewa muda wa kujiandaa, kisha akampigia dereva wa mikate na kumwambia awachukue Jumamosi jioni. Hivyo kosa la mmoja likawa la nyumba nzima.

Alhamisi walikwenda kupima mabegi kwenye mizani ya muuza unga, maana ya kwao hawakuwa nayo. Muuza unga akatikisa kichwa. "Mama, limezidi. Toa viatu."

"Viatu nitavivaa."

"Bado limezidi. Toa na magauni."

"Nayo nitayavaa."

"Yote matatu?"

"Kwani baridi ya ng'ambo inavaliwa gauni moja?"

Wateja wote wakacheka mpaka mmoja akamwaga unga wake. Pilipili peke yake ndiye hakucheka. Alisimama pembeni amefunga mikono, anaona hata mizani inamsimanga.

Ikafika Ijumaa. Kipindi cha mwisho kilikuwa cha hesabu, na mwalimu akachora ubaoni saa ya tarakimu ishirini na nne.

"Sikilizeni," akasema. "Sisi tukisema usiku wa Ijumaa, tunamaanisha mpaka kunakucha. Lakini tiketi na ratiba hazina habari hiyo. Kwao siku inageuka saa sita usiku, watu tumelala. Sasa, treni ya Jumamosi, 01:00. Abiria wake atoke nyumbani lini?"

"Ijumaa jioni!" darasa likaitika.

"Na yule atakayekwenda Jumamosi jioni?"

"Ataikuta reli tupu!"

Darasa likaangua kicheko. Pilipili akaukumbuka ujumbe wa shirika la ndege. Leo ilikuwa Ijumaa. Ndege ya kina Mama ilikuwa leo, usiku wa kuamkia kesho, na wao walikuwa nyumbani wanangoja kesho.

Kengele ilipolia alitia vitabu begini mbio. Wazo lake la kwanza lilikuwa jema, tusimnyime haki yake: alitaka kukimbia akaseme. Lakini langoni aliwakuta wenzake wanagombania viti vya basi la ziara ya wiki ijayo. Huyu anataka dirishani, yule anataka mbele kwa dereva. Mmoja akamgeukia. "Pilipili, si wewe huendi? Basi nitakaa na mwingine."

Moto ukarudi, tena mara mbili. Si walisema wanajua kupanga? Si walinibana mimi kwanza? Wapange basi! Akatembea polepole njia nzima, mguu mmoja ukitaka kukimbia, mwingine ukivutwa na kinyongo. Alijiambia atasema akishakunywa chai. Akanywa chai. Akajiambia atasema akishafagia. Akafagia, na mdomo ukabaki umefungwa. Kila dakika iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, na ugumu huo nao ulimkasirisha.

Alipokwenda kutundika ufagio, akaona vitabu vyake vimerundikwa kitandani. Begi lake la shule, lile zuri, alilikuta mikononi mwa Dada, limejaa soksi.

"Langu limezidi kipimo," Dada akasema. "Naliazima tu."

"Umemwomba nani?"

"Usianze, tafadhali."

"Mmechukua ziara yangu, sasa begi! Nirudishie!"

"Mpe dada yako begi!" Mama akapaza sauti kutoka kwenye cherehani. "Mbona unakuwa na roho ndogo hivyo?"

Basi ikawa kama sufuria iliyofunikwa ikichemka. "Chukueni!" Pilipili akapiga kelele. "Chukueni na godoro! Hata hivyo hamwendi popote! Ndege yenu ni leo!"

Cherehani ikanyamaza. Dada aliitupa soksi, akaikwapua simu ya Mama, akautafuta ule ujumbe. Aliusoma mara mbili.

"Mama, ni kweli. Ni usiku huu. Usiku wa kuamkia kesho."

Mama akasimama. "Umejua lini?" akamwuliza Pilipili.

"Leo. Shuleni."

"Kipindi gani?"

"Cha mwisho."

"Cha mwisho! Umetoka shule, umefika, umekunywa chai, umefagia. Ulikuwa unangoja nini?"

Pilipili alitazama sakafu aliyoifagia vizuri sana.

"Nijibu! Ndege nyingine ni Jumatano! Jumatano nikamshike mkono nani? Amelala na mipira mwilini, au amezikwa?" Mama alikuwa analia na kufoka kwa pamoja. "Yule ni ndugu yangu wa tumbo moja!"

Bibi naye aliinuka kitini, pini zikamwagika zote. "Na kwangu mimi ni mwanangu," akasema. "Nilikuuliza, mjukuu wangu. Nilikuuliza kwa kinywa changu."

"Huyu mimi nitampiga," Dada akasema, akisogea.

"Usipige mtu!" Mama akamkata. "Piga simu!"

Dereva wa mikate alikuwa katikati ya kusambaza mizigo yake. Sauti yake ilitoka kwenye simu kwa nguvu hata Bibi akaisikia. "Tulisema kesho, bwana! Leo nina maduka yananingoja, na nikirudi nina trei za kuosha. Nikiwapeleka nyinyi, asubuhi mikate itapangwa kwenye nini?"

Hapo ndipo Pilipili aliposogea, machozi na kamasi, akaongea karibu na simu. "Trei nitaosha mimi."

"Wewe nani?"

"Mdogo wake. Nitakuja alfajiri. Nitaziosha zote."

Dereva akapunguza sauti. "Zote?"

"Nami nitamsimamia," Bibi akasema kwa sauti ya kusikika. "Hatainuka mpaka ziishe."

Gari lilifika jua likiwa bado halijazama. Mama alikuwa amevaa magauni yake matatu, anatembea kwa shida kama mtu aliyevimba. Dada alivaa begi la Pilipili mgongoni. Alipompita mdogo wake alisema, "Nitakurudishia," na hakusema zaidi. Mama alipanda mbele, akafunga mlango. Hakumuaga Pilipili, wala hakumtazama. Gari likaondoka likiacha harufu ya mikate, na Pilipili akabaki mlangoni akiona afadhali angepigwa.

Jumamosi alfajiri alikuwa kwenye ua wa kiwanda cha mikate, mikono ndani ya maji. Trei za mikate, kama hujaziona, zina pembe nyingi za kuficha uchafu. Unga uliolowa hugeuka gundi, na makombo yaliyokauka yanataka kukwanguliwa kwa kucha. Bibi alikaa juu ya trei moja iliyogeuzwa, fimbo mapajani.

"Bibi, wameiwahi ndege?"

"Sijui. Osha pembe hiyo."

"Unafikiri wameiwahi?"

"Nafikiri pembe hiyo bado chafu."

Pilipili aliosha. Vidole vilikunjamana, mgongo ukamuuma, lakini hasira yake hakuiona popote, hata alipoitafuta. Ilikuwa imebaki hofu tupu, na hofu haimalizwi kwa sabuni. Siku ile ikapita bila simu kulia.

Ililia Jumapili mchana. Bibi aliisikiliza, akafumba macho, akasema "Alhamdulillahi, wamefika," kisha akamkabidhi mjukuu wake. Nyuma ya sauti ya Mama, Pilipili alisikia mtu anacheka kicheko dhaifu na kusema, "Jamani, magauni matatu!" Alikuwa mama mdogo.

"Nimemshika mkono," Mama akasema. "Dereva aligawa mikate yake kwanza, duka kwa duka, tukaingia uwanjani wakiwa wanafunga dirisha la kupokea abiria."

"Mama, nisamehe."

"Bado nimekasirika, nisikufiche. Lakini nisikilize. Ziara ile ilikuwa yako, nami nilikunyang'anya bila hata kukaa na wewe nikakueleza. Kwa hasira hiyo sikulaumu. Kukosea siku nako tulikosea sote. Wewe ulisoma huku umenuna, dada yako hakuhakikisha, mimi nilimeza nilichoambiwa. Hilo ni kosa, na kosa husahihishwa. Lakini kuanzia kengele ya shule mpaka ule ugomvi, wewe hukuwa umekosea. Ulikuwa unajua. Ukijua neno la kumwokoa mwenzio ukalikalia kimya, huo ni uongo, hata kama hukufungua mdomo. Kasirika, mwanangu. Nuna, susa chai ukipenda. Ila ukweli utangulie, hasira ije nyuma yake. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Umeosha trei?"

"Zote. Bibi alizikagua."

Sauti ya Mama ikalainika kidogo. "Haya. Tutarudi mwezi ujao. Tiketi inasema Jumapili ya kwanza, tunatua saa nane usiku. Mwambie dereva wa mikate aje kutupokea. Utamwambia aje lini?"

Safari hii Pilipili hakukimbilia kujibu. "Imeandikwa 02:00, Mama?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Dada yupo hapo? Naomba naye aitazame."

Upande wa pili alimsikia Dada akisema, "Ni 02:00, nimeiona mwenyewe."

Pilipili alihesabu kwa vidole vyake, kwenda na kurudi. "Basi atoke Jumamosi jioni, Mama. Ni usiku wa kuamkia Jumapili."

Kwenye kiti chake karibu na mlango, Bibi alichomoa pini kwenye kola ya sare, akaitia kwenye kopo.

"Leo," akasema, "swali langu limejibiwa."