Damu ya Namba 117

Slaidi ile haikupaswa kung'aa. Kila damu aliyoipima, Digna aliibakizia slaidi moja bila kuitia kingamwili, iwe giza tupu, imhakikishie kwamba zile nyingine hazidanganyi. Kingamwili zilikuja kwa chupa kutoka Ulaya. Zikitiwa kwenye damu huitafuta protini moja tu juu ya chembe nyeupe, na zikiipata, chembe hung'aa kijani kwenye darubini. Sasa, saa sita mchana, Mei 1996, ndani ya chumba cha giza cha maabara moja pale Ifakara, slaidi ile isiyotiwa kitu iliwaka kuliko zote.

"Evod, umegusa slaidi zangu?" Digna alimuuliza mwenzake wa maabara.

"Nizifanyie nini, dada? Hata mlango sijafungua."

Namba 117. Digna akaisoma lebo mara ya pili. Ilikuwa damu ya Paskalina, binti yake wa miaka minne, aliyekufa kwa malaria Februari. Maabara ilishakubaliana na wazee: mtoto akifariki, damu yake irudishwe, izikwe naye. Digna alijitoa damu yake mwenyewe kwenye kichupa, akampa mama mkwe kichupa hicho kikazikwe, na cha Paskalina akakificha kwenye friza, akawa anakipima kama vya watoto walio hai. Usimcheke. Hebu mtu akuambie ufukie kilichobaki cha mwanao.

Siku ya tatu chumba kilinuka uji wa mchele, halafu vidole vidogo vikasikika vikikwaruza ndani ya friza, na Digna alipozima taa aangalie tena akaona slaidi ya mtoto mmoja wa kijiji cha Mkula nayo inawaka bila kutiwa kitu, na ya mtoto wa pili, na ya wa tatu, huku sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe ikimwita kutoka kwenye baridi ile, "Mama, nivalishe sweta," na jioni zikaja habari kwamba watoto hao watatu, jana tu wazima, wamelazwa na homa.

"Dada, hili si la darubini," Evod alinong'ona. Kesho yake akamleta Bibi Brigita, mganga wa Katindiuka, rozari shingoni juu ya kaniki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Toa ulichoficha."

Digna akaangua kilio. "Kaburini nilimwekea damu yangu, bibi. Nilitaka asilale peke yake."

"Pole, mwanangu. Lakini anayekuita si Paskalina. Ni jini. Amekuta damu haina kaburi, akaivaa. Imwage udongoni kabla hajawamaliza watoto wa wenzio."

Nyuma ya maabara, Digna akafungua kichupa.

"Mama, mbona unanimwaga?"

Jamani! Lakini alimwaga mpaka tone la mwisho.

Homa za Mkula zikashuka. Slaidi zikawa giza, na Evod akamshukuru Mungu. Digna hakushukuru. Wiki nzima, wenzake wakienda kula, yeye alijifungia chumba cha giza, akaweka shavu kwenye mlango wa friza.

"Njoo," alibembeleza. "Hata kama si wewe, mwanangu. Njoo tu."